Kamkoda ya kurekodi radi kwa elfu 40: usitume hiyo pesa

Wewe uliyeuliza humu kama ununue kamkoda (kamera ya video) ya kurekodi radi kwa bajeti yako ya elfu 40, simama hapo hapo. Usitume hata shilingi.

Nimeona picha ya boksi uliyoweka: 4K, megapikseli 56, zumu 18X, "inaona usiku", elfu kumi na nane, na muuzaji anataka nusu kesho asubuhi kwa M-Pesa ndio akuwekee. Na hapa juu kuna watu wanakupigia makofi eti utabakiwa na elfu ishirini na mbili za tripodi na maiki. Mimi boksi kama hiyo ninayo. Iko juu ya kabati na kamera imelala ndani yake, mpya kabisa, maana hakuna kazi inayoiweza.

Niliinunua mjini kwa kijana mmoja mwenye maneno matamu. Kila nilichouliza alinijibu kwa namba. Gizani inafokasi, yaani picha inatoka kali? "Bosi, hii ni megapikseli 56." Zumu ni ya lenzi kweli? "Bosi, 18X." Nikamwuliza mbona nyepesi hivi, akaniambia teknolojia imeendelea. Teknolojia! Ndani ni hewa. Ukifungua ile lenzi kubwa ya kuskuruu mbele, unakutana na tundu kama la kamera ya simu ya kitambo. Na kijana alijua. Hapo ndipo panaponichoma mpaka leo: hakukosea, alijua vizuri, akanitazama machoni na kuniuliza kama nitahitaji risiti. Nilichezwa mchana kweupe, tena nikamwambia asante.

Mvua za Aprili zikafika. Jioni moja dhoruba ikainuka upande wa Athi River, anga nyeusi tii, radi juu ya radi. Mimi niko balconi, nimejipanga kama mtu wa runinga.

Gizani hiyo kamera inajipandishia mwangaza yenyewe mpaka picha inakuwa chengachenga. Radi ikipiga, kila kitu kinageuka cheupe: mawingu, nyumba, matangi ya maji ya majirani. Ile mishipa ya radi unayoitaka haionekani kabisa. Halafu kamera inaanza kuhangaika kurudi gizani, na kabla haijatulia radi ya pili imeshapita. Nikawasha hiyo ya "kuona usiku". Ndugu yangu, hizo ni taa ndogo za infraredi kando ya lenzi, zinamulika mita chache tu. Dhoruba iko kilomita kadhaa huko. Nilichorekodi ni matone yanayodondoka kutoka kwenye bati, na kidole changu.

Zumu ya 18X ndiyo usiseme. Hakuna kioo kinachosogea ndani, inakata tu kipande cha katikati ya picha na kukivuta. Na 4K? Faili linasema 3840 kwa 2160, ndiyo, lakini ni picha ndogo iliyotanuliwa na programu, kama unga wa chapati moja uliosukumwa utoshe sahani nne. Kwa hivyo hata usijidanganye kwamba utaitambua 4K ya uongo kwa kuangalia vipimo vilivyoandikwa kwenye faili. Nilipowaonyesha watu wa nyumbani, mama watoto akatazama kidogo akauliza, "Hii ni radi ama ni stima imerudi?" Sikuwa na jibu. Bado sina.

Sasa shika hili, hata ukisahau mengine yote niliyoandika. Kamera isiyokuruhusu kufunga fokasi kwa mkono, na kufunga mwangaza kwa mkono, iache kwenye kaunta. Haijalishi ni ya nani, haijalishi bei. Fokasi ya kujiendesha inatafuta mistari na tofauti za mwanga, na anga ya usiku haina, kwa hivyo itakuwa inaenda mbele na nyuma usiku kucha, na kila radi inaivuruga upya. Unatakiwa ulenge taa ya mbali kabisa, mlingoti wa simu kwa mfano, uweke fokasi hapo, ufunge, usiiguse tena. Mwangaza ni vivyo hivyo: ushushe mwenyewe mpaka giza libaki giza, ndipo radi ikipiga utaona matawi yake.

Mchana shida inageuka, na hapa wengi hawaelewi. Kamera ikiachiwa uamuzi, shata (muda ambao kamera inaachia mwanga uingie kwa kila picha) inakimbia mpaka 1/500 ya sekunde au zaidi kwa sababu kuna mwanga mwingi. Maana yake, kwa sehemu kubwa ya kila sekunde imefumba macho, na radi inapita ikiwa imefumba. Ukirekodi picha 50 kwa sekunde na shata umeifunga 1/50, hakuna mwanya. Mwanga ukizidi, weka kichujio cheusi mbele ya lenzi, lakini shata usiiguse. Yote hayo yanataka menyu ya mkono. Boksi lako halina.

Kuhusu megapikseli, niruhusu nicheke kidogo. Canon Legria HF G10 ilitoka 2011 na sensa yake (kile kipande cha ndani kinachokamata mwanga) ina megapikseli 2 na ushee. Mbili! Full HD ni 1920 kwa 1080, zidisha mwenyewe uone inafika ngapi. Pikseli ni chache lakini ni kubwa, zinakamata mwanga, na mbele kuna ringi halisi ya fokasi. Zumu yake ni 10X tu na inatosha, maana dhoruba ni kitu kipana, si swala. Mrithi wake HF G25 ni wa familia hiyo hiyo. Mimi pesa zangu zote ningezipeleka huko, kwenye iliyotumika, kuliko kununua takataka mpya. Panasonic HC-V770 nayo ina tundu la maiki na zumu ya kweli ya 20X. Sony HDR-CX405 ni rahisi kupatikana lakini sensa yake ni ndogo sana na maiki ya nje hauchomeki.

Ukitafuta Canon iliyotumika soma jina. Legria ni za soko la Ulaya, ndizo zinazokuja kama ex-UK, zinaenda na mfumo wetu wa picha 50 kwa sekunde. Ikiandikwa Vixia ni ya Marekani, mfumo wa 60, na taa zetu za barabarani zinaendeshwa na stima ya hezi 50, kwa hivyo picha itakuwa inapepesa. Unaweza kuituliza kwa kuweka shata 1/100, lakini ona tunarudi wapi: kwa mkono.

Ukishapata nzuri, usishtuke radi ikikata picha nusu, juu kweupe chini giza. Sensa za CMOS, aina iliyo kwenye kamera hizi, zinasoma picha mstari baada ya mstari na radi haisubiri. Haijaharibika, usiirudishe. Za zamani za kanda zenye sensa ya aina ya CCD hazina hilo, ila utahangaika na kanda.

Na hayo mawazo yako ya kusimama kwenye vilima vya Ngong karibu na mashine za upepo wakati wa radi, tafadhali. Ukisikia ngurumo tayari uko ndani ya umbali wa kupigwa. Kaa ndani ya gari, vioo juu, urekodi kupitia kioo cha mbele.

Dukani nenda na kadi yako ya memori na ukurasa wa gazeti. Gazeti libandike mbali, vuta zumu mpaka mwisho, rekodi. Kisha elekeza kamera chini ya kaunta kwenye giza, rekodi tena. Kaangalie kwenye laptopu kabla ya kutoa pesa. Akikataa kukuruhusu, umeshajibiwa.

Na huyo wa kesho asubuhi, mpigie leo usiku, mwulize swali moja tu: fokasi inafungwa kwa kitufe gani? Akianza kukutajia megapikseli, kata simu.