Raleigh ya babu nataka iwe ya kwangu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu kanipa baiskeli yake ya Raleigh ile kubwa nyeusi, breki za vyuma, haina gia. Kazini ni Moshi mjini, nyumbani Kibosho, kwa hiyo ni kupanda na kushuka kila siku. Nataka niitengeneze kwa staili yangu, nipige rangi nyekundu, nitoe usukani niweke ulionyooka, halafu breki ziwe za waya. Fundi wa mtaani anasema hiyo ni kazi ndogo tu. Ni kweli? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Marahaba kijana wangu, na hongera, babu kakupa mali. Baiskeli ni yako, ibadilishe, ila anza na breki, rangi baadae, na kwenye breki ndo hiyo kazi sio ndogo hata kidogo. Breki za vyuma zinavuta raba kwenda juu zinabana rimu kwa ndani, upande wa spoki, na rimu imekunjwa kwa ajili hiyo, ubavuni ni mviringo. Breki za waya zinabana ubavuni sasa, ukizifunga hapo raba hazina pa kushika. Na rimu ni chuma, mvua za masika zikiilowesha inateleza, na we unashuka kutoka Kibosho! Usukani nao usiutoe peke yake, mikono ya breki imeshikana nao, ukiutoa huna breki.

Mi ningetafuta habu, yaani kile kitovu cha gurudumu spoki zinapoanzia, za kampuni ya Sturmey-Archer zenye breki ya dramu, ya nyuma ipo yenye gia tatu humohumo. Hao walianzia Nottingham kama Raleigh wenyewe, tangu 2000 wako chini ya SunRace ya Taiwan na habu bado zinatoka. Breki iko ndani, maji hayaisumbui, na waya zake zinakubali usukani wowote unaoupenda. Gia ndogo inapunguza mwendo kwa robo, ya kati inazunguka sawa na sproketi, kubwa inaongeza theluthi, kwa mlima wenu utaniombea dua. Ila kabla hujatoa hela hesabu matundu ya spoki, Raleigh nyingi za zamani mbele spoki 32 nyuma 40, habu nyingi za siku hizi 36, haziingiliani, kwa hiyo nunua na rimu mpya za inchi 28 kwa moja na nusu, tairi zake zipo maana Phoenix nazo zinavaa hizohizo. Pima na nafasi ya uma wa mbele na ya fremu nyuma, pale gurudumu linapokaa, habu ya gia ni pana zaidi.

Hela haitoshi? Weka freewili yenye meno mengi kwanza, mlima utapungua.

Ukigusa ekseli ya pedali mwambie fundi uzi wa skrubu wa Raleigh ni 26 kwa inchi, za wengine 24, asilazimishe kikombe cha gololi ataua fremu. Asikate wala kuchomelea chochote, na vyuma vya zamani vyote viweke stoo. Rangi nyekundu haya, mi nyeusi naipenda zaidi, ila nembo ya kichwa cha korongo pale mbele itoe kabla hawajaanza kupiga msasa.