Muulize Mwalimu: Kanali aliyetupiwa vipande thelathini vya fedha

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nilikuwa nikimsomea babu gazeti tukakuta jina la Michael Blundell. Babu akasema kwamba yeye mwenyewe alimpigia kura mzungu huyo, na hajuti. Nyanya mzaa mama, ambaye alihamishiwa kijiji cha Hali ya Hatari kule Nyeri akiwa msichana, alikuwa ametutembelea siku hiyo. Akainuka akatoka nje. Baadaye akaniambia huyo alikaa kwenye baraza lililowatesa. Sasa nimsadiki nani? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Mpendwa msomaji, babu na nyanya wote wanasema kweli, na asije mtu akakwambia kwamba mmoja wao amezeeka akasahau. Ila tuanze na mtu mwenyewe.

Blundell alizaliwa London mwaka 1907. Alifika Kenya mwaka 1925 akiwa kijana wa miaka 18, akajifunza ukulima, kisha akalima upande wa Solai na Subukia, huko huko kwenu Nakuru. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza aliingia jeshini, mwaka 1940, katika kikosi cha wahandisi, akawaongoza askari Waafrika. Alipanda vyeo haraka hadi kuwa kanali, na mwaka 1944 akapelekwa kwenye kamandi ya Asia ya Kusini-Mashariki, vita vya kupambana na Wajapani.

Katika vita hivyo hivyo alikuwako kijana wa Nyeri, Waruhiu Itote, aliyejiunga na King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, mwaka 1942 na kupigana Burma. Naomba uwaweke hawa wawili bega kwa bega, maana mimi kila nilipofundisha kipindi hiki nilianza nao. Walimtumikia mfalme mmoja na kumpiga adui mmoja. Walirudi nchi moja. Blundell mwaka 1946 alipewa kazi ya kamishna wa makazi ya Wazungu, yaani kuwapatia mashamba Waingereza, wakiwamo waliotoka vitani, katika nyanda za juu ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki hata robo eka. Itote alirudi akakuta hakuna shamba lililomsubiri. Miaka michache baadaye aliingia msituni pamoja na Mau Mau, wapiganaji walioasi utawala wa Waingereza, na nchi nzima ikamjua kwa jina la Jenerali China.

Kwa hiyo mtu akisema Mau Mau ilizuka kwa ushirikina, mwulize ni nani aliyegawa ardhi mwaka 1946, na aliwagawia nani.

Blundell aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1948 akiwakilisha walowezi wa Bonde la Ufa. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wajumbe wa Kizungu waliochaguliwa. Januari 1953 familia moja ya walowezi iliuawa Kinangop. Walowezi wakaandamana mamia kwa mamia hadi Ikulu ya gavana, Nairobi, wakidai damu. Polisi Waafrika walishikana mikono kuziba mlango, na baadhi ya waandamanaji wakawachoma mikono kwa sigara ili waachie. Blundell ndiye aliyetoka nje akazungumza na umati ule hadi ukatulia. Nadhani siku hiyo alianza kuwaogopa watu wake mwenyewe.

Lakini hakuwaacha. Mwaka 1954 lilipoundwa Baraza la Vita, lenye watu wachache sana pamoja na gavana Evelyn Baring na Jenerali George Erskine, Blundell alikuwa mmoja wao. Baraza hilo ndilo lililoamua, katikati ya mwaka huo, kwamba Wakikuyu, Waembu na Wameru waondolewe kwenye maboma yao na kukusanywa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa. Nyumba zao zilichomwa nyuma yao. Kina mama walichimba mahandaki kwa kazi ya lazima, na watoto walikufa kwa njaa na maradhi. Nyanya yako alikuwa mmoja wa watu hao milioni moja. Aliposikia jina la Blundell akainuka, alikuwa na sababu, nami sitamtetea Blundell kwa kusema kwamba ndani ya baraza lile alikuwa mpole kuliko wengine. Alikaa pale, na maamuzi yalitoka pale.

Tena kuanzia 1955 alikuwa waziri wa kilimo. Chini yake mpango wa Swynnerton ulisonga mbele: hati za ardhi kwa Waafrika, kahawa na chai katika mashamba yao, ng'ombe wa maziwa. Haya yalikuwa mambo makubwa, kwa sababu kwa miaka mingi Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa ili asishindane na mlowezi. Hata hivyo ardhi iliunganishwa na kupimwa wakati maelfu ya wenyewe wako kizuizini. Wengine walirudi kutoka kambini wakakuta shamba limeandikwa jina la jirani. Kesi za mashamba hayo zimerithiwa na wajukuu.

Sasa kura ya babu. Aprili 1959 Blundell alijiuzulu uwaziri akaunda New Kenya Group, kundi lililotaka siasa isiyofuata rangi. Januari 1960 wakaenda Lancaster House, London, kwenye mkutano wa katiba ya Kenya. Waziri wa makoloni, Iain Macleod, alisema wazi kwamba Waafrika watakuwa wengi barazani. Walowezi wa mrengo mkali walikataa. Blundell na wenzake wakakubali. Aliporudi, mlowezi mmoja alimtupia sarafu thelathini miguuni pake kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi, na kila aliyesoma habari za Yuda Iskariote alijua maana yake. Watu aliokula nao, aliolima nao na waliompigia kura tangu 1948 wakamwita msaliti.

Uchaguzi ukaja Februari 1961. Viti kumi vilitengewa Wazungu, lakini sheria ilikuwa na hatua mbili. Kwanza mgombea apate angalau robo ya kura za Wazungu wenyewe, kisha wapiga kura wa rangi zote waamue. Bonde la Ufa alishindana na Ferdinand Cavendish-Bentinck, spika wa zamani, aliyesimama kwa ajili ya walowezi waliotaka kulindwa. Katika kura ya Wazungu Blundell alishindwa vibaya; aliipita robo kwa kiasi kidogo tu. Ilipofika kura ya wote, Waafrika wakampa ushindi mkubwa mno.

Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa kibarua katika shamba la mahindi Solai, hakujua kusoma, lakini alikuwa amevuka miaka arobaini, na sheria ya uchaguzi ule iliwaruhusu watu wa umri huo. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini alimchagua mjumbe wa Baraza la Vita. Hakuwahi kuniambia kwamba Blundell ni mtu mwema. Aliniambia kwamba karatasi ilikuwa na wazungu wawili, na mmoja wao alikuwa amekubali kwamba serikali itakuwa ya Waafrika. Vibarua wa Solai walilijadili jambo hilo usiku kucha kabla ya kwenda kupanga foleni. Mtu akinieleza kwamba Waafrika walimpenda Blundell, namkumbuka baba na nakataa. Walimtumia kumwondoa mwingine, na walifanya hivyo kwa akili timamu.

Na Blundell? Maoni yangu ni kwamba alitaka walowezi wabaki Kenya, na akaona mapema kuliko wenzake kwamba hawatabaki kwa bunduki. Hakuianza safari hiyo kwa kumhurumia mtu wa kijiji cha Nyeri. Lakini alipofikia ukweli aliusema mbele ya watu wake, akapoteza heshima yao, na hakurudi nyuma. Hilo namheshimia. Nyanya yako hawajibiki kumheshimia hata hilo.

SWALI: Mwalimu, baada ya uhuru alikimbilia Uingereza kama wengine? – Msomaji, Eldoret

JIBU: Hapana. Baada ya uchaguzi wa 1961 alirudi wizara ya kilimo katika serikali ya Ronald Ngala wa chama cha KADU, kwa sababu chama cha KANU, ingawa ilishinda viti 19 dhidi ya 11, ilikataa kuunda serikali kabla Mzee Kenyatta hajaachiliwa. Aliacha siasa uhuru ulipokaribia. Tangu 1962 aliongoza bodi ya chuo cha kilimo cha Egerton, Njoro, kwa miaka kumi hivi, na kuanzia 1964 akawa mwenyekiti wa East African Breweries hadi 1977. Uzeeni aliandika kitabu cha maua ya porini ya Kenya. Alifariki mwaka 1993, akiwa bado anaishi Kenya.

Jenerali China naye aliishi kuyaona hayo. Alikamatwa Januari 1954, akahukumiwa kunyongwa, kisha hukumu ikapunguzwa, akafungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta. Baada ya uhuru akawa miongoni mwa viongozi wa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Askari wawili wa vita vya Asia, wote wakiwa watu wa kuheshimiwa katika taifa moja. Wanafunzi wangu walikuwa wakibishana sana hapo, na niliwaacha wabishane.

SWALI: Je, Bruce McKenzie naye alikuwa mwanajeshi? – Msomaji, Thika

JIBU: Ndiyo, rubani wa kivita, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekuja Kenya baada ya vita. Tofauti yake na Blundell ni kwamba yeye alijiunga na KANU, na baada ya uhuru akawa waziri wa kilimo wa Kenyatta. Alikufa Mei 1978, bomu lilipolipuka ndani ya ndege aliyokuwa akirudi nayo kutoka Uganda ya Idi Amin. Habari zake ni ndefu. Mkitaka nitazipa safu nzima.

SWALI: Ninaandika insha ya chuo kuhusu Lancaster House. Nianzie wapi? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Omba kumbukumbu za mijadala ya Baraza la Kutunga Sheria, Hansard, za 1959 na 1960, usome Blundell na mjumbe Mwafrika Tom Mboya wakijibizana. Usianze na vitabu vya kumbukumbu za wanasiasa. Viliandikwa baada ya mambo kujulikana yalivyoishia. Kisha, kabla hujaandika mstari wa kwanza, tafuta mzee au bibi aliyepiga kura Februari 1961, umwulize alimchagua nani na kwa nini. Waliobaki ni wachache, kwa hiyo anza na hilo wiki hii.