Stendapu sio ya kuripotia mdosi

Wasee wa softwea hapa Nairobi, tuongee kuhusu stendapu, kile kikao kifupi cha timu cha kila asubuhi. Timu nyingi nimefanya nazo kazi, za ofisi Kilimani na zile za kila mtu akiwa kwake, zinajiita za agile, yaani kujenga softwea kidogo kidogo huku mnarekebisha, lakini asubuhi ikifika ni mmoja mmoja anamwambia meneja jana nilifanya hivi leo nafanya vile, wengine wamezima kamera wanangoja zamu, na ikiisha hakuna aliyejua mwenzake amekwama wapi.

Wale watu 17 walioandika manifesto ya agile huko Utah 2001 walitanguliza watu na maongezi yao mbele ya taratibu na vifaa. Hata yale maswali matatu ya jana, leo na kikwazo yaliondolewa kwa mwongozo wa 2020 wa Scrum, mtindo mmoja wa agile, ila sisi bado tunayakariri kama sala.

Kilichosaidia timu yangu ya mwisho ni kuacha kuzunguka mtu kwa mtu, tukawa tunapitia bodi ya kazi, tiketi (yaani kazi moja) iliyo karibu kuisha ndiyo inaanza. Swali likawa hii imekwamia nini, sio wewe umefanya nini. Hapo ndio developa mpya, yule wa "naendelea nayo" kila siku, akasema majibu ya M-Pesa hayafiki kwa seva yetu ya majaribio, na msee wa kutesti akamjibu papo hapo kwamba URL tuliyosajili ni ya zamani. Ingekaa Jira, ile app ya tiketi, mpaka Ijumaa hiyo.

Mdosi naye, kama akiingia tu watu wananyamaza, basi asiingie. Hicho kikao ni cha developa, dakika 15, yeye ataona kazi kwa bodi na kwa reviu, ile ya kuonyesha kazi mwisho wa sprinti (kile kipindi kifupi cha kazi). Na wacheni watu waongee Kiswahili na Sheng yao bana, Kiingereza cha mkutano kinasaidia mtu kuficha shida.

Mkiamua kitu usiku kwa WhatsApp, mtu akiandike kwa tiketi, maana yule wa Rongai bando ilikuwa imeisha na kesho atajenga kitu kingine kabisa.

Retro, kile kikao cha kuangalia timu imefanyaje kazi, msiruke ati mko bize. Sisi kila mtu alikuwa anaandika yake kimya kwanza ndio tuongee, la sivyo mwenye mdomo ndio anaamua kila kitu.