Baba kahamishiwa Dodoma: tumfuate au tubaki Dar?

MASWALI YA WASOMAJI

Swali: Mume wangu ni mhasibu wa kampuni binafsi. Wamemjulisha kwamba kuanzia Januari kituo chake cha kazi ni Dodoma, na mshahara utaongezeka shilingi 200,000 kwa mwezi. Hapa Tabata tumepanga kwa 300,000. Mwenzake aliyeko kule anasema nyumba kama yetu tutaipata kwa 200,000. Mimi nina duka la nguo za watoto. Nikishatoa mtaji na kodi ya fremu, nabaki na 550,000 kwa mwezi. Watoto ni watatu: wa darasa la sita, wa darasa la pili, na mdogo wa miaka miwili. Mume anasema yeye atangulie, sisi tutafuata mambo yakikaa sawa. Ndugu wamegawanyika. Tufanyeje?
Mama wa Watatu, Tabata

Jibu: Mama, karibu kila anayeuliza swali hili huanza na kodi ya nyumba, na kodi ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote. Kwenu kinachoamua ni duka lako na darasa la mwanao wa kwanza. Hebu tupige hesabu kwa namba ulizotupa.

Baba akienda peke yake, mtaendesha nyumba mbili. Chumba cha kawaida tukikadirie 80,000, chakula na mahitaji yake madogo madogo 200,000. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar iliwekwa 31,000. Akija nyumbani mara mbili kwa mwezi ni tiketi nne, yaani 124,000. Bajaji za kwenda na kutoka stesheni, huku na kule, tuziwekee 40,000. Jumla ni 444,000. Toa ile nyongeza ya 200,000. Mnabaki na pengo la 244,000 kila mwezi.

Mkihama wote, mna nyongeza ya 200,000 na nafuu ya kodi ya 100,000. Ila 550,000 ya duka imekatika. Pengo ni 250,000.

Kwa karatasi ni kama sare, lakini mapengo haya mawili hayana tabia moja. La nyumba mbili halizibiki. Litakuwepo mwezi wa kwanza na wa ishirini, na litapanuka kila mtoto anapougua baba akaitwa katikati ya wiki. La kuhama hupungua kadiri duka jipya linavyopata wateja. Siku litakapokupa nusu tu ya ulichozoea, 275,000, mmeshavuka na 25,000 juu. Na mkichelewa kuhama mwaka mzima, mtakuwa mmelipia yote mawili: kwanza pengo la nyumba mbili, halafu bado miezi ya kuanzisha duka upya ugenini.

Kwa hiyo hilo la "mambo yakikaa sawa" ndilo linalotutia wasiwasi, kwa sababu halina tarehe. Tarehe mtapewa na shule. Mwanao anaingia darasa la saba Januari na mtihani wa taifa ni Septemba. Watahiniwa husajiliwa mapema ndani ya mwaka huo, kupitia shule wanayosoma. Mtoto akihama kabla ya Januari, shule mpya itamsajili kama mwanafunzi wake. Akihama Juni, wakati wa likizo ndefu ambayo wengi huiona nafasi nzuri, anakuwa ameshasajiliwa Dar. Hapo mtaanza kukimbizana na maofisa elimu wa pande mbili, au mtoto arudi Tabata kufanya mtihani akiwa amekaa kwa shangazi. Mna milango miwili tu: kabla ya shule kufunguliwa Januari, au baada ya mtihani wa Septemba. Katikati hapo msijaribu.

Uhamisho wenyewe msiuishie kwenye barua. Hakikisheni mwalimu mkuu anamhamisha mtoto pia kwenye PReM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi. Kosa la kawaida ni hili: mtoto anakaa darasani Dodoma huku jina lake liko Dar, na hakuna anayejua hadi orodha ya watahiniwa inapotoka. Mwandikeni shule mpya akiwa na namba yake ya PReM mkononi, kisha wiki mbili baadaye mwulizeni mwalimu kama jina limeshaonekana upande wao. Wa darasa la pili hana presha. Kama wanasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, tafuteni nafasi kwanza, nyumba baadaye, maana nyumba mtaipata popote lakini dawati la darasa la saba shule nyingi hazipendi kulitoa kwa mgeni.

Ushauri wetu: hameni wote Januari, kwa masharti matatu. La kwanza, muwe na akiba ya kuziba pengo kwa miezi sita, 250,000 mara sita, yaani 1,500,000, mbali na gharama za kuhama. Kodi ya miezi sita kule ni 1,200,000 na dalali huchukua ya mwezi mmoja, 200,000. Hizo ni 1,400,000 kabla hujapakia hata ndoo. Kama fedha hizo hazipo, chukueni mlango wa pili: baba atangulie, nyinyi mfuate Oktoba, na tarehe iandikwe.

La pili ni fremu. Nenda Dodoma mwenyewe kabla ya Desemba, ukae siku nne au tano, mojawapo iwe Jumamosi. Usiangalie fremu saa nne asubuhi tu. Simama mbele yake saa kumi na moja jioni, watu wanapotoka kazini, uone wanapita na watoto au wanapita na bodaboda bila kusimama. Mitaa iliyojaa familia za watumishi, kama Ilazo, Kisasa au Nzuguni, ina wateja wa nguo za watoto, lakini wengi wao hulipa mwisho wa mwezi, hivyo ukiweka mkopo wa daftari bila kikomo mtaji utaisha Machi. Una turufu moja ambayo wenyeji wengi hawana: wauzaji wa jumla wa Kariakoo wanakujua. Piga simu, mzigo upakiwe kwenye basi, kesho yake uko nao. Usihamishe shehena yote ya Tabata. Uza kwa punguzo msimu wa Krismasi, ubaki na ukubwa unaotoka haraka.

La tatu ni barua ya mume. Isomeni kwa makini: ni uhamisho wa kudumu, au ni kupangiwa kazi ya muda? Kama ni ya muda usiofika miaka miwili, hesabu yetu yote inageuka na nyinyi mbaki Tabata. Tena, barua ioneshe wazi kwamba mahali alipoajiriwa ni Dar es Salaam. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri, ajira ikikoma mahali tofauti na pale mfanyakazi alipoajiriwa, amsafirishe yeye na mizigo yake hadi pale alipoajiriwa, au amlipe thamani ya usafiri huo. Wengine husaini mkataba mpya unaosema "ameajiriwa Dodoma" bila kusoma, na haki hiyo inapotea kimya kimya. Gharama za kuwahamisha sasa nazo ziombeni kabla hajasaini. Akisharipoti kazini, nguvu ya kuomba imepungua.

Kuhusu mzigo: malori yanayotoka Dar kwenda bara huwa yamejaa, kwa hiyo bei ya chini ya "gari linalorudi tupu" inawafaa wanaohamia Dar, si nyinyi. Nafuu yenu ni kuchangia Fuso na mzigo wa mtu mwingine. Mkichangia, vitu vyenu vihesabiwe na kupigwa picha mbele ya dereva. Friji isafiri imesimama. Kama ililazwa njiani, isimamishwe usiku kucha kabla ya kuwashwa, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Swali: Nahamia Dodoma kikazi kutoka Iringa na mke na watoto watatu. Dalali amenitumia picha za nyumba Nkuhungu, anataka kodi ya mwaka kwa simu kabla sijafika, anasema kuna watu wanne wanaisubiri. Nilipe?
Mwalimu, Iringa

Jibu: Usilipe, Mwalimu. Hao watu wanne huwa wanasubiri kila nyumba.

Fikieni gesti au kwa jamaa kwa wiki moja. Epuka kutafuta nyumba wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, maana mji hufurika na bei za vyumba hupanda. Ukiipata nyumba, uliza maji kabla ya vigae. Dodoma ni kame: mvua ni msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na mji umetegemea sana visima vya Mzakwe. Waulize majirani, si mwenye nyumba, maji ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, hutoka siku gani na kwa saa ngapi. Watu watano kwa lita 50 kila mmoja ni lita 250 kwa siku. Mgao ukiwa wa siku nne, mnahitaji simtanki la lita 1,000. Likijaa lina uzito wa tani moja, kwa hiyo mnara wa mabanzi unaouona kwenye picha usiuamini. Maji ya visima vingi kule yana chumvi. Hayatoi povu vizuri, huacha ukoko mweupe kwenye birika na huua hita mapema. Wengi hununua ya kunywa pembeni, nawe uyaweke kwenye bajeti.

Kisha LUKU. Nunua umeme kidogo kwa namba ya mita ile kabla ya kusaini, uone unakatwa nini. Deni la mpangaji aliyetoka hukatwa kwa anayenunua sasa. Kodi ya jengo ya nyumba ya kawaida, 1,500 kwa mwezi, nayo hukatwa humo humo, ingawa ni ya mwenye nyumba. Mkubaliane kwamba 18,000 ya mwaka itatolewa kwenye kodi ya pango, na iandikwe. Mkataba usainiwe na mwenye nyumba mwenyewe, na malipo yaende kwenye akaunti au simu yenye jina lake. Halafu mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa mjiandikishe. Yeye pia ndiye atakayekwambia kama nyumba ina kesi.

Kama kuna mtoto mwenye pumu, vumbi na upepo wa kiangazi vinasumbua. Chagua nyumba iliyo mbali na barabara ya vumbi, hata kama ni ndogo zaidi.

Swali: Tuko Mwanza, tuna nyumba yetu na kazi za kubahatisha. Tunataka kuuza nyumba tukalime parachichi Njombe na watoto wawili. Wazo letu likoje?
Wanandoa, Nyakato

Jibu: Zao ni zuri, ila mpango una shimo. Mche wa parachichi uliobebeshwa huanza kuzaa mwaka wa tatu, na mavuno ya kutegemea huja kuanzia wa tano hivi. Mkipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7, ekari moja inabeba miche 80 hivi. Swali la kujiuliza ni mtakula nini katika miaka hiyo mitatu, na jibu la wengi kule ni viazi mviringo na maharage kati ya mistari. Viazi hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne, lakini vinataka mbegu, mbolea na dawa ya ukungu, na bei huanguka wote wanapovuna pamoja.

Nyumba ya Mwanza msiiuze. Ipangisheni, kodi yake ndiyo mshahara wenu wa miaka mitatu, na ndipo pa kurudi. Mmoja wenu aende kwanza Juni au Julai, msimu wa baridi kali. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Ziwa hajui baridi ile mpaka aamke nayo. Aangalie pia mabondeni asubuhi: panapoonekana weupe wa barafu kwenye majani, miche michanga itaungua. Panapotuama maji mvua ikinyesha napo paacheni, mizizi ya parachichi huoza upesi.

Kodisheni ekari moja msimu mmoja kabla ya kununua. Mkifika kununua ardhi ya kijiji, muuzaji na mwenyekiti peke yao hawatoshi. Suala lipite kwenye halmashauri ya kijiji, muhtasari uandikwe, majirani wa mipaka yote minne wasaini, mke wa muuzaji aridhie kwa maandishi, na majina yenu wote wawili yawemo.