Habari mbaya ninazidai mwisho wake

Ndugu uliyeuliza utabakije na moyo wakati kila ukishika simu ni ajali, wizi na maiti, nakuelewa. Mimi nina duka la nafaka Busia, upande wa Uganda. Wanaokushauri uzime simu sijui wanakula nini. Bei ya mahindi naipata humohumo. Halafu Facebook kwetu ilifungwa Januari 2021, ikabidi tuingie kwa VPN. Yaani tunapita dirishani ili tukasome mabaya!

Kilichonifungua macho ni Ebola ya 2022. Ilitangazwa Mubende tarehe 20 Septemba, na mdogo wangu alikuwa hukohuko akininunulia mahindi. Katikati ya Oktoba wilaya ikafungwa, yeye na magunia ndani. Kundi letu la WhatsApp halikulala: sauti za madaktari wasio na majina, picha za nchi sijui ipi. Mama alikuwa akimpigia saa nane usiku kumuuliza kama anakohoa. Desemba njia zilipofunguliwa kijana akarudi amenona, maana kazi yake huko ilikuwa kula mtaji wangu.

Tarehe 11 Januari 2023 ikatangazwa rasmi kwamba imekwisha. Kirusi kile cha aina ya Sudan hakikuwa na chanjo iliyoidhinishwa, kwa hiyo kilizimwa kwa kazi ya miguu: kumtafuta kila aliyekutana na mgonjwa, kisha kuhesabu siku 42 bila mgonjwa mpya. Waliothibitishwa kufa nayo walikuwa 55, waliopona 87. Kundini? Kimya. Mimi mwenyewe habari hizo nilizipata wiki mbili baadaye, kwa dereva wa lori aliyekuja kupakia.

Siku ile nikachukua daftari la madeni, nikaligeuza. Mbele wako wateja ninaowadai, nyuma nikaanza kuandika habari: kushoto tukio na tarehe, kulia nafasi tupu. Iliyonitia hofu nayo ninaidai, iniletee mwisho wake. Jumapili jioni napitia, nauliza huku na huku, najaza.

Si zote zinalipa vizuri. Kijana wa boda wa pale stendi aliyegongwa, kulia nimeandika "amefariki" nikafunga daftari. Ila mstari unaofuata ni pampu ya maji ya mtaa wetu, iliyokufa miezi minne tukatukanana weee, na kulia pameandikwa "inatoa maji, kila nyumba 5,000." Matusi yalijaa kundini. Maji yalipotoka, hakuna aliyepiga hata picha ya ndoo.

Na kuna madeni ya miaka. Vifaru waliisha Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakauawa wote. Kuanzia mwaka 2005 hifadhi ya Ziwa, kule Nakasongola, ikapata sita tu: kwanza wanne wa Kenya, kisha wawili wa Marekani. Wa kwanza kuzaliwa pale, 2009, baba yake wa Kenya na mama yake wa Marekani, basi wakamwita Obama. (Sisi wa mpakani tulicheka sana.) Leo wamepita 40. Sasa niambie, ni siku gani hapo ingekupigia kengele kwenye simu? Kifaru hubeba mimba karibu miezi 16, lakini kuuawa ni dakika.

Kwa hiyo usijilazimishe kutafuta habari tamu. Hizohizo chungu, chagua tatu nne zilizokugusa, uzifuate mpaka mlangoni kwao.

Januari 2025 Ebola ilitangazwa tena, safari hii Kampala. Kundi likawaka moto. Nikaandika: 30/1/2025, nikaacha kulia wazi. Tarehe 26 Aprili ikatangazwa imekwisha, nikajaza, nikapiga picha ukurasa huo, nikautupia kundini. Watu zaidi ya mia mbili mle ndani. Akajibu mmoja, mama muuza samaki: "Kumbe iliisha? Na ile ya Mubende je?"