Barua kwa Mwanangu: Anza Kiti cha Kushoto

Mwanangu,

Barua yako nimeipata. Umeuliza uanze na ile Subaru ya turbo unayouziwa huko Kampala au na Starlet ya mjomba wako, kwa kuwa mwakani unataka kuingia mbio. Baba yako ameisoma, akanirudishia bila neno. Unamjua.

La gari nitalifikia. Kwanza anza kiti cha kushoto, cha mwelekezi anayemsomea dereva njia. Nimekwambia tangu ukiwa sekondari na leo narudia: msomee mtu mwingine kona msimu mzima, ndipo ushike usukani. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, kila mtu anajua alishinda mbio za Safari Rally za Kenya mara 5, mwaka 1973 na tena 1979 hadi 1982 mfululizo. Sasa waulize hao hao, katika ile minne ya mwisho nani alikuwa mwelekezi wake? Mike Doughty. Utaona wanavyonyamaza.

Siku ile ya mbio za Kakira, nilipomsomea mjomba wako kona, unaijua kwa masimulizi yake. Hakukwambia habari ya ufunguo. Tulifika mapema kwenye kituo cha muda, pale unapotakiwa kuingia katika dakika uliyopangiwa; barabara ilikuwa kavu. Kabla ya meza ya maofisa kuna ubao wa njano, na ukiupita mapema kuliko unavyoruhusiwa umeingia hesabuni. Mjomba wako alitaka kusogea. Injini inapata moto, anasema, na mshale kweli ulikuwa unapanda. Nikachomoa ufunguo nikaukalia. Alinifokea maneno ambayo sijawahi kumweleza bibi yako. Mimi macho kwenye saa, kadi ya muda mapajani, vumbi la mashamba ya miwa limenijaa hadi kwenye meno. Gari jingine likatupita, likaingia. Lilikuwa limewahi dakika moja, likaongezewa dakika nzima. Kuchelewa dakika moja kungewagharimu sekunde 10 tu! Jioni tuliwamaliza kwa tofauti isiyofika dakika.

Walukuba nzima ilikuja nyumbani usiku ule. Mjomba wako alisimulia kila kona, akainuka kitini kuonyesha alivyokata usukani. Ufunguo hakuutaja, hata leo. Nami nilikuwa jikoni nawapakulia pilau, nasikia kila neno.

Najua utanijibu: mama, wewe ulikaa kushoto kwa sababu gari lilikuwa la kaka yako. Kweli. Na Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa 2011 akiwa yeye ndiye dereva. Hapo unanishika. Pengine ningekuwa na gari langu ningeimba wimbo mwingine. Lakini hata yeye alikuwa na mtu wa kumsomea, na dereva asiyejua kazi ya yule mtu hamsikilizi inapofika kona ambayo macho hayaioni. Ndiyo maana nasema kushoto kwanza.

Mengine ni mepesi. Jiunge na klabu iliyo chini ya shirikisho la mbio za magari Uganda, FMU, wakuelekeze habari ya leseni, kisha uombe kuingia daraja la Clubman, ndiko wageni wanakoanzia. Pesa ya kwanza iende kwenye kizimba cha mabomba cha kukulinda gari likipinduka, mikanda, kiti, helmeti na kizima moto. Usije ukaniambia umenunua injini kabla ya hivyo. Na kati ya hatua na hatua, yaani vipande vya mbio vyenyewe, mnapita barabara ya watu, yenye boda na watoto wa shule. Pale sheria ni za trafiki, hakuna mbio.

Sasa gari. Turbo inakula tairi, inakula difu, inakula giaboksi, na ukikosea inakosea nawe kwa kasi. Starlet inavutwa na magurudumu ya mbele, nyepesi, na vipuri vyake fundi yeyote wa Jinja anavijua. Ulimi unaniwasha, mwanangu. Lakini pesa ni zako na umri umefika, sitakuchagulia. Nimemwahidi baba yako.

Ukija Idi, pita kwa mjomba wako ukaikague hiyo Starlet, kuikagua tu. Halafu mbele yangu mwulize ufunguo ulikuwa wapi siku ile ya Kakira. Nataka nimsikie akijibu.

Mamako,
Walukuba