Ukuta wa bustani unatoa maji, nipake rangi ya kuzuia maji?

Hapana, usianze na rangi. Umesema ukuta unaozuia udongo unalowa upande wa mbele, plasta inabanduka na unga mweupe unatokea juu yake. Maji yametuama nyuma yake, na ukiyaziba huku mbele yatabaki huko yakiusukuma. Kuta nyingi za namna hii huangushwa na maji kuliko udongo wenyewe. Ule unga mweupe unaouona ni chumvi: maji hupenya ukutani, yakikauka yanaiacha juu.

Angalia kwanza chini ya ukuta kama kuna matundu ya kutolea maji. Kama yapo, chokonoa kwa nondo nyembamba. Mara nyingi yamezibwa na tope au mizizi. Kama hayapo, toboa kwa drili, kipenyo cha sentimita 5 hivi, kila baada ya mita moja na nusu au mbili, yakiinamia mbele kidogo.

Dawa kamili ni kazi ya jembe. Fukua nyuma kwa vipande vifupi (ukifukua wote kwa mkupuo unaweza kuuhatarisha), laza bomba lenye matundu usawa wa msingi, mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita, kisha jaza kokoto safi upana wa sentimita 30. Kokoto zifungwe kwa kitambaa cha kuchujia, la sivyo udongo utazijaza na utarudi ulipoanza. Nyuma pakiwa bado wazi, kabla ya kujaza kokoto, ndipo upake hiyo rangi yako, upande huo.

Kama ukuta umeshainama au kutoa tumbo, usifukue, muite mhandisi.